Waridi la jangwani (adeniamu) katika bustani za Pwani: udongo, maji na mwezi wa Aprili

Baraza la Tegeta (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Katika muda wa miaka mitatu niliua adeniamu nne, zote kati ya Machi na Mei, kwa hiyo ninayoyaandika hapa yametokana na hasara zaidi kuliko utaalamu. Ya tano sasa inaingia mwaka wa sita mikononi mwangu, imejaa maua ya waridi iliyokolea hata majani hayaonekani vizuri, na wapita njia hunigongea geti kuuliza ninaipa mbolea gani. Siipi mbolea ya ajabu yoyote. Nilichobadilisha ni udongo na mahali pa kuiweka mvua zinapoanza.

Kwa wasioufahamu mmea huu, waridi la jangwani si waridi kwa maana halisi. Ni ndugu wa oleanda, wa msanapiti na wa vinka, wale maua madogo meupe na ya zambarau hafifu yanayojiotea kando ya kuta. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum, na neno hilo la pili ni la Kilatini lenye maana ya mnene au mwenye kitambi, kwa sababu shina lake huvimba chini na kuwa tumbo linalohifadhi maji. Ukilielewa tumbo hilo umeuelewa mmea wote: ni mtungi. Mmea wenye mtungi wake mwenyewe hauhitaji kuletewa maji asubuhi na jioni, na hayo ndiyo maagizo niliyopewa na muuza miche aliyeniuzia wa kwanza, nami nikayafuata kwa utiifu mkubwa.

Mche ule ulikuwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki uliojaa udongo mweusi wa msituni uliochanganywa na samadi. Ni udongo mzuri kwa mchicha. Nilipoung'oa mmea wa nne ili nijue umekufa kwa nini, mizizi ilitoka kama utambi uliolowekwa: nikiivuta, ngozi ya nje ilibaki vidoleni, ndani kukabaki kiuzi tu, na harufu yake ilikuwa ya maji ya mtaro. Majani ya juu yalikuwa bado ya kijani. Jambo hili ndilo linalowadanganya watu wengi, kwamba juu panaonekana pana uhai ilhali chini pameshaoza wiki mbili zilizopita, na majani yanapoanza kunyong'onyea mwenye mmea anadhani una kiu, anauongezea maji.

Mchanganyiko ninaoutumia sasa ni huu: ndoo tatu za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, ndoo mbili za matofali ya kuchoma yaliyopondwa hadi ukubwa wa punje za mahindi, ndoo moja ya samadi ya mbuzi iliyokaa miezi sita au zaidi mpaka haina harufu, na kopo moja la mkaa uliopondwa. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukiusuuza mara tatu, maana chumvi haitoki yote. Matofali ukiyakosa, kokoto zile ndogo kabisa zinafaa, ila ni nzito, na chungu kikishakuwa kikubwa utahitaji wawili wa kukibeba. Ninapomaliza kujaza chungu hufanya jaribio moja: namwaga kopo la maji juu na kuanza kuhesabu. Kabla sijafika kumi, maji lazima yawe yanatoka kwenye tundu la chini. Yakichelewa, namwaga mchanganyiko wote na kuongeza mchanga.

Jambo la mwisho ni masika. Kuanzia mvua za kwanza za Machi hadi mwishoni mwa Mei, vyungu vyangu vyote hukaa ukingoni mwa baraza, chini ya bati, mahali ambapo jua la asubuhi linafika lakini mvua haifiki. Nazimwagilia mara moja kwa siku kumi, wakati mwingine simwagilii kabisa. Mvua za vuli huwa naziacha zizinyeshee, kwa kuwa kwetu hapa kati ya mvua na mvua jua hurudi, udongo ukakauka.

Ningependa wenye uzoefu waongeze, na wenye maswali waulize.

Kivuli cha Mwembe

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo. Mimi niko Tanga, na wangu nimeupanda ardhini moja kwa moja, si chunguni, huu ni mwaka wa tatu. Haujaoza hata siku moja. Tatizo langu ni kwamba umerefuka hadi kunifika kifuani, matawi membamba kama fito, majani makubwa ya kupendeza, lakini ua sijaliona tangu nilipoununua ukiwa na maua mawili. Nimeuwekea mbolea ya kukuzia, ile ya urea, mara tatu. Nimekosea wapi?

Baraza la Tegeta (mleta uzi)

Mkuu, jina lako hapa jukwaani limeshajibu nusu ya swali. Kama mmea uko chini ya mwembe, au unapata jua la saa mbili tatu za asubuhi tu, utafanya hicho hicho unachokieleza: utajinyoosha kulitafuta jua na kuweka nguvu zote kwenye majani. Adeniamu inataka jua la moja kwa moja kwa saa sita kwa uchache, na hapa Pwani hakuna jua linaloizidi nguvu ikiwa mizizi iko ardhini. Nusu ya pili ni hiyo urea. Urea ni naitrojeni tupu, na naitrojeni ni chakula cha majani. Iache kabisa. Ukitaka kulisha, tafuta mbolea yenye fosforasi na potasiamu zaidi kuliko naitrojeni, kijiko kimoja cha chai kilichotawanywa mbali na shina, mara moja kwa miezi miwili wakati mmea unakua.

Kuuhamisha mmea wa ardhini inawezekana. Subiri kiangazi, uchimbe kwa kuuzungukia mbali na tumbo, kisha uuache mahali pakavu penye kivuli kwa wiki moja ili mizizi iliyokatika ifunge majeraha kabla ya kuupanda upya. Hapo hapo ukate zile fito, kila tawi ubakishe kiasi cha shibiri moja. Usione huruma. Maua ya mmea huu hutokea kwenye ncha za matawi, na kila unapokata tawi moja huchipuka mawili au matatu, maana yake ncha zinaongezeka.

Nyika ya Voi

Hamjambo wote. Nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu mimi ni mkaazi wa Voi, na mmea mnaouzungumzia sisi hatuupandi, tunapishana nao porini. Naona kuna jambo moja ambalo halijasemwa.

Ukitaka kujua mmea huu unataka nini, njoo uutazame kwenye nyika za Tsavo katika miezi ya ukame. Wakati huo kila kichaka kimekauka, rangi ya nyika nzima ni kijivu na wekundu wa vumbi, kisha ghafla unaona kitu cha waridi kinang'aa katikati ya miba kama kanga iliyoanikwa. Ukisogea, huoni jani hata moja. Ni shina nene la kijivu lililojipinda, limeegemea jiwe, na maua tu. Majani yatakuja na mvua. Kwa hiyo mtu anayeona adeniamu yake imepukutisha majani mwezi wa Julai au Agosti, akaingiwa na hofu na kuanza kuimwagilia kwa wingi, anaiamsha ikiwa katika usingizi wake wa kawaida. Gusa shina. Kama ni gumu, iache ilale.

Jambo la pili ni kwamba porini sijawahi kuukuta mmea huu umesimama kwenye bonde linalotuamisha maji. Utaukuta kwenye mteremko, penye mawe, penye kokoto za changarawe nyekundu. Kwa hiyo nakubaliana na jaribio la mleta uzi la kuhesabu hadi kumi, ingawa mimi ningesema tano.

La tatu ni ombi. Tunawaona watu wanaokuja na magari kung'oa mimea mikubwa ya porini ili wakaiuze mjini. Mmea uliokaa miaka mingi umeingiza mizizi chini ya mawe, na mtu akiung'oa kwa haraka anaikata. Mnunuzi anauziwa tumbo kubwa la kuvutia, likiwa na maji ya kutosha kuchanua kwa miezi miwili mitatu kama kwamba hakuna lililotokea, na baada ya hapo linaanza kusinyaa. Ukiona adeniamu kubwa kitaluni yenye makovu na shina lililoparuzwa na mawe, na mizizi iliyokatwa kwa panga, muulize muuzaji aliipanda mwaka gani. Jibu lake litakuonyesha.

Ua la Mbezi

Samahanini ndugu zangu, naomba kuuliza kabla sijanunua. Nina wajukuu wawili wadogo hapa nyumbani na mbuzi watatu wa jirani wanaoingia wapendavyo. Nimesikia mmea huu ni sumu. Je, ni kweli au ni maneno ya watu?

Baraza la Tegeta (mleta uzi)

Shikamoo bibi. Ni kweli, na ni vizuri umeuliza kabla. Utomvu wake una sumu inayoshambulia mapigo ya moyo, ya jamii moja na ile ya oleanda. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi hutengeneza sumu ya mishale yao kwa kuuchemsha utomvu huo hadi uwe mzito kama lami, na kwa mshale huo huangusha wanyama wakubwa. Kuugusa mmea hakuleti shida, maua yake unaweza kuyashika. Hatari iko katika kumeza, na katika utomvu kuingia jichoni au kwenye kidonda kibichi.

Kwangu vyungu viko juu ya ukuta mfupi ambao mtoto mdogo haufikii, na kila ninapokata matawi huvaa glovu, huosha kisu kwa sabuni, na mabaki huyazika badala ya kuyatupa. Mbuzi kwa kawaida huupita bila kuugusa, ila matawi yaliyokatwa yakachanganyika na majani mengine ndiyo yanayoweza kuwaponza. Kama wajukuu bado wako katika umri wa kutia kila kitu mdomoni, ningekushauri usubiri mwaka mmoja, bibi. Maua yapo tu.

Msafiri wa Maskati

Assalamu alaykum. Ninaandika kutoka Oman, ambako baadhi yetu tumekuja na lugha yetu na tabia zetu za kupenda vyungu barazani. Huku mmea huu si mgeni. Katika milima ya Dhofar, juu ya mji wa Salalah, unaota wenyewe kwenye miamba ya chokaa, nao huchanua ukiwa mtupu kabla ya kufika kharifu, yaani ule msimu wa ukungu na manyunyu wa kuanzia Juni hadi Septemba, kisha unavaa majani.

Jina adeniamu lenyewe limetokana na Aden, bandari ya Yemen ambayo majahazi ya Pwani yetu yaliijua vizuri. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, aliyekuwa katika msafara wa kisayansi wa Denmark, aliuandika mmea huu alipokuwa Yemen, akafa huko huko mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr aliyenusurika. Yeye aliuita Nerium, akiuhesabu pamoja na oleanda. Jina la Adenium lilikuja mwaka 1819. Na mkipata nafasi, tafuteni picha za adeniamu ya kisiwa cha Sokotra, ambayo haipatikani popote pengine: ina shina kama mbuyu mdogo.

Ninachotaka kuongeza katika utunzaji ni kuhusu vyungu. Maskati wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku, na nilipoteza mmea mzuri kabisa ambao haukuwa umeoza wala haukuwa na kiu. Ulikuwa kwenye ndoo nyeusi ya plastiki, juani, juu ya sakafu ya saruji. Nilipotia mkono kwenye udongo saa nane mchana sikuweza kuuacha humo. Mizizi ilikuwa imepikwa. Tangu siku hiyo natumia vyungu vya udongo mwekundu, vipana kuliko vilivyo virefu, na ninaviinua juu ya vipande vya matofali ili hewa ipite chini. Majani na maua yanastahimili jua hilo, lakini mizizi iliyofungiwa ndani ya plastiki nyeusi haina pa kukimbilia.

Baridi ya Limuru

Nasoma habari za joto huku nimevaa sweta. Nina adeniamu tatu nilizoletewa kutoka Mombasa. Zilifika na maua, zikayamaliza, na tangu mwezi wa Juni zimesimama kama vijiti. Je, zimekufa? Na je, huku kwetu kuna matumaini yoyote, au niwarudishie wenyewe?

Nyika ya Voi

Jirani, fanya kitu kimoja kabla ya kingine: acha kumwagilia. Kabisa. Mmea huu huanza kuteseka joto linaposhuka chini ya nyuzi 10, na maji baridi kwenye udongo wa baridi ndiyo yanayouozesha. Uingize ndani ya nyumba, karibu na dirisha, ukae mkavu Juni, Julai na Agosti. Shina litalegea kidogo na kupata mikunjo kama ngozi ya mzee, na hilo si tatizo, kwa sababu unakunywa akiba yake.

Kama una ukuta wa nje, chagua unaotazama kaskazini. Katika miezi hiyo jua letu huwa limeelemea upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta huo hupata joto mchana na kulitoa polepole jioni, ilhali ukuta wa kusini hubaki na ukungu. Dada yangu aliye Nairobi anafanya hivyo na zake huchanua kuanzia Oktoba. Limuru iko juu zaidi, sitakuahidi maua mwaka mzima kama ya Mombasa, lakini kutoka Oktoba hadi Machi unaweza kuyapata.

Mpanda Bila Kuvuna

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Baada ya kusoma uzi huu nimekwenda kubonyeza tumbo la mmea wangu. Upande mmoja ni mgumu, upande wa pili kidole kimezama kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Mmea una miaka minne na alinipa marehemu mama. Unaokoka huu?

Baraza la Tegeta (mleta uzi)

Pole sana, ndugu. Unaweza kuokoka ikiwa uozo haujazunguka shina lote, ila ufanye leo, usingoje kesho.

Utoe chunguni, uoshe mizizi yote kwa maji ya bomba mpaka uione. Chukua kisu chenye makali, ukisugue kwa spiriti au ukipitishe kwenye moto. Anza kukata sehemu laini. Nyama iliyooza ina rangi ya kahawia au ya njano chafu, nayo hutoa majimaji, wakati nyama nzima ni nyeupe kama muhogo mbichi na hukatika kwa mlio. Endelea kukata mpaka usione doa lolote la kahawia, hata kama ni uzi mwembamba, kwa maana ukiuacha huo uzi kazi yote ni bure. Kila baada ya kukata mara chache, safisha kisu tena, vinginevyo unahamisha ugonjwa wewe mwenyewe. Usiogope ukubwa wa shimo. Mmoja wangu ulibaki na nusu ya tumbo, na leo shimo lile limekauka, linaonekana kama pango dogo, wageni wanadhani nililichonga makusudi.

Ukimaliza, paka kwenye jeraha unga wa salfa, ule ule unaopulizwa kwenye mikorosho. Ukiukosa, paka unga wa mkaa. Kisha uning'inize mmea, mizizi ikiwa wazi, mahali penye kivuli na upepo. Siku kumi kwa jeraha dogo, wiki tatu kwa kubwa. Ndiyo, wiki tatu bila udongo wala maji, na hautakufa, kwa sababu ule mtungi bado una maji. Jeraha likiwa gumu kama gome ndipo upande kwenye mchanganyiko mkavu, na usubiri siku saba nyingine kabla ya kumwagilia.

Kwa tahadhari, kata pia matawi mawili ya juu yaliyo mazima yenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, uyaache siku tano yakauke kwenye mkato, kisha uyachomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Iwapo mama mmea utashindwa, bado utakuwa nao ule ule, maana tawi hubeba mmea mzima bila kubadilika.

Kivuli cha Mwembe

Hapo kwenye matawi umenigusa. Mbona niliambiwa kwamba mmea wa tawi hautoi tumbo, na kwamba lazima upande mbegu?

Nyika ya Voi

Hutoa, ila huchelewa, na mara nyingi huwa mizizi iliyovimba huku na huku badala ya tumbo moja la duara. Mmea wa mbegu huanza kuvimba ukiwa na urefu wa kidole. Ukitaka umbo, panda mbegu. Ukitaka ua lile lile ulilolipenda, panda tawi, au ununue mche wa kubebeshwa, yaani tawi la mmea mmoja lililounganishwa juu ya shina la mwingine.

Hapo kwenye miche ya kubebeshwa pia kuna la kuangalia. Maua yale ya petali nyingi zilizopangana kama waridi la kweli, au ya weusi wa divai, mengi yametokana na wazalishaji wa Thailand na Taiwan, na huku kwetu hubebeshwa juu ya shina la kawaida lenye maua ya petali 5. Ukiona machipukizi yanatoka chini ya kovu la kubebeshea, yakate mara moja. Ukiyaacha, shina la chini litayalisha hayo na kulisahau tawi la mgeni, na mwaka wa pili utashangaa ua lako la bei kubwa limegeuka la kawaida. Nami niliwahi kununua mbegu mtandaoni zilizoandikwa kuwa ni za maua ya buluu. Zilichipua vizuri, zikachanua baada ya miezi kumi na minne, zote za waridi. Buluu haipo katika mmea huu.

Baraza la Tegeta (mleta uzi)

Niongeze juu ya mbegu, kwa kuwa hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ua la adeniamu huficha chavua yake ndani kabisa. Ukilipasua kwa wembe, utaona katikati ya koo kikoni kidogo kilichofungwa, chenye nywele ndefu zinazochomoza nje, na chavua iko ndani ya koni hiyo. Ndiyo maana mjini, ambako wadudu wanaofaa ni haba, mmea unaweza kuchanua miaka mingi bila kuzaa. Mimi hutumia unywele mmoja mgumu wa ufagio wa chelewa niliousugua mpaka ukawa laini nchani: nauingiza katikati ya koni, nauzungusha, unatoka na unga wa njano, nao nauingiza kwenye ua la mmea mwingine. Katika maua ishirini hushika mawili au matatu.

Likishika, baada ya wiki chache hutoka pembe mbili zilizoungana chini kama pembe za ng'ombe. Hukaa miezi kadhaa kabla ya kukomaa, na siku ya kupasuka haikupi taarifa. Kila mbegu ina manyoya pande zote mbili, kama fimbo yenye vishada viwili, na upepo mdogo tu unazipeleka zote kwa jirani. Mara ya kwanza niliamka nikakuta ganda tupu. Tangu hapo nafunga kila pembe kwa uzi, mizunguko mitatu, inapoanza kubadilika rangi.

Mbegu mbichi huota haraka ajabu, siku tatu hadi saba kwa joto letu la Pwani. Nazilaza juu ya mchanga uliochanganywa na mkaa, nazifunika kwa mchanga mwembamba usiozidi unene wa ukucha, na hapo tu ndipo ninapomwagilia kila siku, kwa kunyunyiza, mpaka majani mawili ya kwanza yakunjuke. Kila mwaka ninapohamisha chungu naupandisha mmea juu kwa sentimita mbili au tatu, ili sehemu ya juu ya mizizi ibaki nje. Mizizi hiyo ikishaona jua hunenepa na kuwa sehemu ya tumbo.

Ua la Mbezi

Nimenunua mmoja, nimeuweka juu ya kabati la nje, wajukuu hawaufikii. Ila leo asubuhi nimekuta majani karibu yote yameliwa, na juu yake kuna kiwavi mnene wa kijani, mkubwa kama kidole gumba, mwenye madoa mawili ya buluu na nyeupe karibu na kichwa yanayonitazama kama macho. Sikuthubutu kumgusa.

Baraza la Tegeta (mleta uzi)

Huyo ni mtoto wa nondo wa oleanda, bibi, naye hula sumu hiyo bila kudhurika. Macho yale si macho, ni ya kutishia ndege. Hang'ati wala hachomi, mtoe kwa kijiti, kisha tazama chini ya majani yaliyobaki kama wamo wengine. Hakuna haja ya dawa, na mmea utatoa majani mapya baada ya wiki mbili au tatu. Wa kuogopwa zaidi ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye makutano ya matawi na hata mizizini. Hao wapake spiriti kwa mswaki, urudie kila wiki mpaka uwamalize. Vidukari vya njano kwenye ncha za maua huondoka kwa maji ya sabuni.

Mpanda Bila Kuvuna

Ndugu mleta uzi, narudi na taarifa baada ya wiki sita. Nilikata theluthi ya tumbo, nikauning'iniza jikoni kwa siku kumi na tisa, mke wangu akawa anauliza kama tunakausha nyama. Nimeupanda wiki tatu zilizopita. Tawi moja kati ya mawili niliyochomeka limekauka, la pili bado gumu. Kwenye mmea wenyewe jana nimeona vidoa vitatu vya kijani juu ya kovu la tawi la zamani, vidogo kama vichwa vya kiberiti. Sasa hivi mvua za vuli zimeanza huku kwetu. Nimwagilie, au niuache nje upate mvua?

Baraza la Tegeta (mleta uzi)

Hongera, ndugu. Hivyo vidoa ni majani. Mwaka huu usiuache nje hata kidogo, kovu bado changa. Weka chini ya bati, jua la asubuhi, na umpe kopo moja Jumamosi hii. Jumamosi ijayo ingiza kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu, ukiache dakika tano, ukichomoe. Kikitoka na unyevu, usubiri Jumamosi nyingine.